Tope la Uyole halipandi meli ya Antaktika

Januari ni mwezi wa tope Mbeya. Mvua imeshanyesha tangu Novemba, vichochoro vya Uyole vimekuwa uji, na juu Kitulo maua yamechanua. Mwezi huohuo ni kiangazi cha Antaktika. Meli za wageni huenda kule kati ya Novemba na Machi, barafu ya bahari inapolegea. Kwa hiyo mtu wa nyanda za juu kusini anaondoka nyumbani wakati ambao viatu, nguo na mabegi yake yana tope na mbegu.

Tena si mbegu za kupuuzwa. Mbegu iliyozoea joto la Dar es Salaam ikidondoka kwenye mawe ya Antaktika haina maisha. Nyasi za Kitulo, mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, zimezoea ile barafu ya alfajiri inayounguza majani ya viazi. Sisi tunaoongoza wageni kule juu tulilijua hilo kabla ya kukata tiketi ya Antaktika, ndiyo maana safari hii ilianzia barazani Uyole, siku tatu kabla ya ndege, na si bandarini.

Tandika shuka jeupe. Kung'uta begi juu yake, mifuko yote ikiwa nje ndani, kisha suruali, soksi, kofia na glavu. Kwenye kitambaa cha rangi hutaona kitu, lakini kwenye shuka jeupe punje hujitokeza zenyewe. Baada ya hapo chukua tochi, kibano na sindano ya kushonea. Mbegu hukaa sehemu nne: kwenye velkro, ile mikanda ya kunasa ya mikono ya koti; kwenye pindo la suruali; kwenye ulimi wa kiatu chini ya kamba; na kwenye wavu wa pembeni mwa begi unaowekwa chupa ya maji. Kishona nguo ndiye msumbufu kuliko wote, kwa sababu kile kijisindano cheusi kina meno mawili au matatu kwenye ncha, na ukikivuta kinakatika. Kamata karibu na meno, vuta kufuata upande kilikoingilia.

Viatu visioshwe vikiwa na tope bichi. Viache vikauke kabisa, vigonge, sugua kwa brashi ngumu, chokoa mifereji ya soli kwa sindano, ndipo maji na sabuni vifuate. Ukianza na maji, tope linajaa kwenye mifereji na kuificha mbegu. Vikikauka juani, vitie kwenye mfuko safi na usivivae tena mpaka safarini. Mama mwenye nyumba alitukuta tukisugua kwa mara ya pili.

"Wanangu, viatu hivi si vimeshatakata? Mnavisugua nini tena?"

"Shikamoo mama. Tope limetoka, mbegu bado."

"Marahaba. Haya, na hicho kibrashi mkimaliza mrudishe jikoni."

Kazi hii ina hesabu yake. Watafiti waliowakagua wageni wa Antaktika katika kiangazi cha 2007 hadi 2008, wakachapisha matokeo 2012, walikuta kila mgeni aliyekutwa na mbegu amebeba wastani wa mbegu 9.5. Kwa msimu ule mmoja zilifika zaidi ya 70,000. Bara lile lina mimea ya maua ya asili aina mbili tu, nyasi moja na kimmea kimoja kinachojikunja kama mto mdogo. Jani moja la kigeni, Poa annua, limeshajipenyeza kwenye kisiwa cha King George kuzunguka kituo cha utafiti cha Poland tangu miaka ya 1980, na kuling'oa imekuwa kazi ya miaka.

Njia yetu ilikuwa uwanja wa ndege wa Songwe hapa Mbeya, Dar es Salaam, Addis Ababa, Amerika Kusini hadi Buenos Aires, halafu ndege ya saa tatu na nusu kushuka Ushuaia, mji wa mwisho kusini mwa Argentina. Mtanzania anahitaji viza ya Argentina, na ubalozi wao ulio karibu uko Nairobi, kwa hiyo anza mapema. Bima iwe inayolipia kuondolewa mgonjwa kwa ndege kutoka Antaktika. Bima ya kawaida ya safari mara nyingi hailipii hilo.

Kuchagua meli ndiko kunakoamua kama utafika au utatazama kwa mbali. Kuna umoja wa waendeshaji wa safari hizi, IAATO, ulioundwa 1991, na sheria zake zinakwenda pamoja na Mkataba wa Antaktika wa 1959 na Itifaki ya Madrid ya 1991 ya kulinda mazingira. Meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu hata mmoja. Zile ndogo zinashusha, ila wasizidi watu 100 ufukweni kwa wakati mmoja, na kila wageni 20 wawe na mwongozaji. Piga hesabu mwenyewe: meli ya watu 180 inashusha kwa zamu mbili, ya 400 kwa zamu nne, na mchana ni uleule. Wakala akikuambia "meli kubwa, bei nafuu, mtashuka kila siku", muulize idadi ya abiria kwanza. Meli yetu ilikuwa na chini ya 200.

Swali la pili liwe mafuta. Mafuta mazito ya meli, yale meusi kama lami, yamepigwa marufuku kusini mwa latitudo 60 tangu Agosti 2011, kuyatumia na hata kuyabeba. Yakimwagika kwenye baridi ile hayavukizi kwa urahisi, yanaganda na kukaa. Kaskazini, kwenye Aktiki, marufuku ya namna hiyo imeanza Julai 2024 tu, na kuna misamaha inayoendelea hadi 2029. Hivyo anayechagua Svalbard, visiwa vya Norwe huko Aktiki, aulize kwa ukali zaidi. Huko Svalbard tangu Januari 2025 meli inayoingia maeneo ya hifadhi isizidi abiria 200, na dubu mweupe hasogelewi chini ya mita 300. Kati ya Machi na Juni ni mita 500.

Hata meli iwe safi namna gani, moshi upo. Weka sufuria iliyoungua kwa kuni na sufuria mpya juani, baada ya robo saa zishike zote mbili: ile nyeusi ndiyo itakayokuchoma. Masizi yakitua juu ya theluji yanafanya kazi hiyohiyo. Utafiti uliochapishwa 2022 ulikadiria kwamba masizi yanayotokana na safari ya mgeni mmoja yanaharakisha kuyeyuka kwa theluji takriban tani 83. Hiyo ni kama mizigo ya semi tatu zinazopita Mbeya mjini kwenda Tunduma, kwa mtu mmoja. Msimu wa 2023 hadi 2024 walikwenda zaidi ya 120,000. Tunaona ni haki msafiri azijue namba hizi kabla ya kulipa, na akienda aende mara moja, kwa meli ndogo inayopunguza mwendo, asirudi kila mwaka kutafuta picha bora.

Kati ya Ushuaia na visiwa vya South Shetland kuna Mlango wa Drake, wenye upana wa kilomita 800 hivi, siku mbili za mawimbi. Dawa ya kichefuchefu imezwe kabla meli haijatoka kwenye mlangobahari wa Beagle. Ukishaanza kutapika, kidonge hakikai tumboni. Siku hizo mbili ndizo za mafunzo na ukaguzi, na asiyehudhuria hashuki.

Kwenye ukaguzi kila abiria alileta nguo zake za nje na begi. Meza ina tochi, vibano na mashine ya kunyonya vumbi. Meli nyingi huazima gambuti, na wengi hudhani kwa sababu hiyo wameshakuwa salama, kumbe gambuti ndizo zenye nafuu: mpira mtupu, huoshwa kwa dakika moja. Taabu iko kwenye begi na velkro. Begi letu la kamera, lile tulilolikung'uta mara mbili Uyole, lilitoa vijisindano viwili vya kishona nguo kutoka kwenye mshono wa ndani wa mkanda wa bega. Tulikuwa tumekagua velkro na mifuko, mkanda tukauruka. Ofisa alivitia kwenye bahasha, akaandika, akanyonya mshono wote kwa mashine. Basi ongeza mkanda wa bega kwenye ile orodha ya sehemu nne.

Mlangoni pa boti za mpira kuna beseni la dawa. Wafugaji wa kuku wa Mbeya hawahitaji maelezo hapa, ni beseni lilelile la mlango wa banda, na sababu ni ileile. Mafua ya ndege aina ya H5N1 yalithibitishwa eneo la Antaktika Oktoba 2023, na bara lenyewe Februari 2024. Unakanyaga ukishuka na unakanyaga ukirudi. Makosa ya mabanda yetu tuliyaona na kule: mtu anatumbukiza kiatu chenye uchafu moja kwa moja. Dawa inaishia kwenye uchafu, na virusi vilivyo chini ya tope vinabaki salama. Brashi itangulie, dawa ifuate. Dawa waliyotumia ni ya waridi, na ikipauka imeisha nguvu, hata kama beseni bado limejaa.

Kwa sababu ya mafua hayo, ufukweni kinachogusa ardhi ni soli tu. Huketi, hupigi goti, hulali upate picha ya chini, huweki begi. Mkono uliochoka haubadilishi sheria, kwa hiyo beba kitu kimoja. Chakula hakishuki, ni maji pekee. Choo hakuna, na zamu moja ni saa mbili hadi tatu, kwa hiyo yule anayeanza asubuhi kwa vikombe vitatu vya chai ya maziwa kama yuko Tukuyu, apunguze. Mifuko yote ifungwe zipu kabla ya kuingia botini, kwa maana upepo hauna breki kule: karatasi ya pipi, kifuniko cha lenzi, barakoa, vikiruka huvipati.

Harufu ya pengwini inakufikia kabla hujawaona. Kinyesi chao ni chekundu kwa sababu ya kamba wadogo wanaokula, na theluji yote ya njiani kwao ina rangi hiyo. Unakaa mita tano mbali nao, na kwa sili wa manyoya mita 15, maana wanang'ata na hukimbia kwenye mawe kuliko unavyodhani. Pengwini akija mwenyewe, simama, au rudi nyuma taratibu.

Wana njia zao. Wamekanyaga theluji mpaka imekuwa mfereji mwembamba wenye kina, kutoka kwenye kiota hadi majini, na hupita kwa foleni. Binadamu hatembei ndani ya mfereji huo. Anauvuka pale mwongozaji alipoweka bendera, na pengwini akikaribia anasubiri. Tulipopanda mteremko, mguu wa mmoja wetu ulizama hadi gotini pembeni mwa njia ile. Tukamvuta, tukataka kuendelea. Mwongozaji akaturudisha. Shimo la gambuti lina kuta zilizosimama wima, na pengwini mwenye urefu wa kutufikia mapajani akitumbukia kwa mabawa yale mafupi hana pa kushikia, anakufa mle akihangaika. Tukalijaza theluji kwa mikono yenye glavu, tukalishindilia kwa soli, akalipima kwa fimbo yake. Tangu hapo kila aliyezama alilifukia la kwake bila kuambiwa.

Jiwe pia haliokotwi. Pengwini hujenga kiota kwa vijiwe na huibiana kijiwe kimojakimoja siku nzima. Dogo la kutia mfukoni ndilo hilohilo wanalolitafuta.

Siku moja hatukushuka kabisa. Upepo ulipanda, mabonge ya barafu yakaziba ghuba, nahodha akageuza. Abiria walinung'unika, wamelipa maelfu ya dola. Novemba 2007 meli ya Explorer ilitobolewa na barafu karibu na kisiwa cha King George ikazama. Watu wote 154 waliokolewa kutoka kwenye boti, lakini mafuta yake yalienea juu ya maji. Nahodha anayegeuza mapema analinda vyote viwili. Ukisafiri, usiwe kwenye kundi la kumshinikiza.

Tulirudi Songwe Februari, mvua ikiwa bado inanyesha, na wiki iliyofuata kulikuwa na wageni wa kupelekwa Kitulo. Zamani tulipanda nao moja kwa moja: basi hadi Chimala, halafu gari la kukodi kwenye zile kona 57 hadi Matamba. Safari hii tulisimama Chimala chini ya mlima. Huku bondeni kishona nguo imejaa kando ya barabara, na tope la shamba lenye mnyauko wa viazi hupanda na viatu mpaka kwenye mashamba ya mbegu ya Matamba, kwani bakteria wa ugonjwa ule hukaa kwenye udongo. Tukaweka beseni, brashi tatu na ndoo ya maji ya sabuni, shuka jeupe juu ya boneti.

Mgeni wa kwanza alikung'uta begi lake. Zilidondoka kumi na moja.