Nilivyowashirikisha watumiaji wa huduma ya afya ya akili kama washauri wa utafiti wangu

Utafiti wangu wa uzamili katika uuguzi ulihusu sababu zinazowafanya watu wenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti au aamini mambo yasiyokuwapo, waache dawa baada ya kuruhusiwa kutoka wodini. Kabla ya kuandika maswali, niliwaomba watu kadhaa waliopitia matibabu hayo, ambao hali zao zilikuwa zimetulia, wawe washauri wangu na si wahojiwa.

Tofauti hiyo ilinichukua muda kuieleza mbele ya kamati ya maadili ya utafiti. Wajumbe waliuliza mbona washauri hawana fomu za ridhaa, nami nikajibu kwamba mshauri hatoi habari za ugonjwa wake ili zichambuliwe, bali anaikagua kazi ya mtafiti, hivyo anachosaini ni ahadi ya kutunza siri. Niliutaja pia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009 na ambao unataka watu hao washirikishwe katika maamuzi yanayowahusu. Posho na nauli niliziweka sawa na za washauri wengine. Hilo halikuwa la kujadiliwa.

Vikao tulivifanya nje ya hospitali, nami sikuvaa sare, kwa kuwa si rahisi kumkosoa muuguzi ambaye pengine aliwahi kukuchoma sindano ukiwa umeshikwa mikono. Mama mmoja aliipitia orodha yangu ya mada, kisha akauliza, “Sista, mbona chakula hakimo? Dawa hizi zinaleta njaa usiku, na wakati huo sufuria limeshaoshwa.” Kijana aliyekaa kando yake akaongeza kwamba dawa zake anazitunza kaka yake, kwa hiyo kumhoji mbele ya kaka huyo ni kumhoji kaka. Mambo yote mawili yaliingia kwenye mwongozo wa mahojiano.

Si kila ushauri niliufuata. Walitaka tusirekodi sauti kabisa, kwa kuwa kinasa sauti huwatia baadhi ya watu shaka. Niliacha uamuzi huo kwa kila mhojiwa.

Tulikuwa tumekubaliana mapema kwamba mshauri akiugua, nafasi yake itabaki na posho yake haitakatwa. Mmoja aliugua kweli, akarejea tulipokuwa tukichambua majibu. Alipoona wengi wamewekwa kwenye kundi la waliosahau dawa, alipinga: mtu akiulizwa na muuguzi, alisema, kusahau ndilo jibu lisiloleta ugomvi. Tuliyarudia maandishi ya mahojiano, tukawatenga walioeleza walivyosahau na waliojibu hivyo tu bila maelezo.