Zamu ya Mlangoni: Siku Moja Kwenye Kambi ya Tiba Jangwani

Watu wakisikia kwamba mwisho wa Agosti huwa najitolea kwenye kambi ya tiba kule Burning Man, sherehe ya kila mwaka inayojenga mji wa muda kwenye jangwa la Black Rock, Nevada, Marekani, huwaza ubani, ngoma na watu waliofumba macho. Hayo yapo. Lakini mimi si mchuaji, wala sichomi mtu sindano za Kichina. Mimi ni wa mlangoni. Naandika majina, nagawa maji, nawaambia watu wavue viatu, nawaambia wasubiri, na mara nyingine nawaambia hapana. Naandika kuhusu siku hii moja ya katikati ya wiki kwa sababu kazi zinazoibeba kambi hii, hata wanaolala juu ya meza zetu hawazioni.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jua linachomoza na baridi ya usiku haijaondoka. Hapa ni karibu mita 1,190 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mtu huamka na koti, na ikifika adhuhuri anatafuta kivuli kwa udi na uvumba. Kazi ya kwanza ni vumbi. Tunaishi juu ya sakafu ya ziwa la kale, Lahontan, lililokauka maelfu ya miaka iliyopita, na vumbi lake ni laini kama unga, tena lina magadi. Hupenya hadi ndani ya masanduku yaliyofungwa. Tukakung'uta mazulia, tukafuta meza za kuchulia, tukatandika shuka safi, tukakaza kamba za turubai kwenye vyuma vilivyopigiliwa ardhini.

Saa moja na nusu. Chai, chakula, kisha mratibu wa zamu akasoma ubao: nani anachua, nani yuko kona ya miguu, nani anabeba maji, nani jikoni, nani msikilizaji, nani mlangoni. Yuko pia mmoja ambaye kazi yake ni kuwaangalia wanaotoa huduma. Mchuaji akishaingia kwenye kazi husahau kula, husahau hata kunywa, na huyu ndiye anayemgusa bega na kumwambia inatosha, kaa chini. Nafasi za kuchua hujaa kabla hatujafika jangwani. Nafasi za maji hubaki wazi mpaka mratibu abembeleze watu.

Saa tatu. Tulifungua, na asubuhi ikaenda vizuri. Wengi walikuja kwa ajili ya miguu. Magadi hukausha ngozi, visigino vinapasuka, na mtu aliyetembea pekupeku tangu Jumapili anafika akichechemea. Tiba yake ni rahisi: siki kidogo ndani ya beseni la maji, unaosha taratibu, unakausha, unapaka mafuta, unamvalisha soksi safi. Kwa muoshwaji kazi inaishia hapo, lakini kwa mtu wa maji ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu ni marufuku kumwaga maji hayo chini. Huenda kwenye ndoo, ndoo huenda kwenye pipa, na pipa tutaliondoa jangwani wenyewe sherehe ikiisha. Maji safi nayo tuliyabeba wenyewe. Kiwango kinachoshauriwa ni galoni moja na nusu kwa kila mtu kwa siku, karibu lita sita, na hapo hujahesabu beseni hata moja la miguu ya mgeni. Ukimwona mtu anavuka kambi na ndoo mbili saa tano mchana, mpishe.

Saa sita. Zamu zikabadilishana. Mimi nikabaki, kwa kuwa mwenzangu wa mlangoni alihitajika jikoni.

Saa saba na kitu ndipo foleni iliponenepa, na ndipo alipofika yule bwana.

Alikuja moja kwa moja mbele, akawapita watu waliokaa kwenye mkeka, akasema mgongo umemkamata na anahitaji meza sasa hivi. Nikamkaribisha, nikampa maji, nikaandika jina lake chini ya majina mengine. Akaliangalia daftari, akaniambia, "Dada, hujanielewa." Akaeleza kambi yake ni kubwa kiasi gani, na kwamba wameleta muziki na vinywaji kwa mji mzima. Nikamshukuru, na nilimaanisha. Nikamwambia foleni ni ile ile. Akatoa noti za dola.

Hapa asiyeifahamu sherehe hii lazima aelewe. Mwaka 2004 Larry Harvey, mmoja wa waanzilishi, aliandika kanuni kumi, na mbili kati ya hizo ndizo zinazotawala mlango wangu: kutoa zawadi bila kutarajia malipo, na kutoruhusu biashara ichukue nafasi ya utu. Hatutozi ada, hatupokei bakshishi, na mchuaji wetu haruhusiwi kumpa mtu kadi ya biashara yake ya nyumbani. Kanuni hiyo ndiyo inayomfanya msafisha vyoo na tajiri mwenye gari la kulala wakae mkeka mmoja. Nikipokea noti moja, mkeka umeisha.

Nikamrudishia fedha zake. Akarudi tena, safari hii akiwa na simu mkononi, anataka kupiga picha ya ndani ili wenzake waone meza zilivyo nyingi. Nikasimama kwenye pazia. Ndani kuna watu waliovua mashati, wengine wanalia, na hakuna anayepigwa picha bila ridhaa yake. Akaanza kunipandishia sauti. Mlangoni unafundishwa kutoshindana sauti, kwa hiyo nikazidi kushusha yangu, nikarudia sentensi zile zile: jina lako lipo, kivuli kipo, maji yapo.

Mlangoni pia unafundishwa kumsikiliza mmoja huku macho yanapita kwa wote. Mwisho wa mkeka alikaa mama wa makamo, peke yake, chupa yake ya maji imejaa. Alikuwa hivyo hivyo tangu nilipoandika jina lake. Nikamwacha yule bwana katikati ya sentensi, nikaenda kuchuchumaa mbele ya yule mama. Nikamuuliza anaendeleaje, akasema hajambo, anasubiri basi. Hapakuwa na basi lolote. Ngozi yake ilikuwa ya moto na kavu kabisa. Nikamwita msikilizaji, tukamlaza kivulini, tukamwekea vitambaa vibichi shingoni na makwapani. Maji ya kunywa hatukumlazimisha, maana aliyechanganyikiwa anaweza kupaliwa. Kijana wa maji akakimbia barabarani kumtafuta mmoja wa Black Rock Rangers, wajitoleaji wanaozunguka mji na redio. Redio ikaita wahudumu wa afya, nao wakafika na kumchukua.

Watu hutuuliza kama tunaponya. Sisi tunachua misuli, tunaosha miguu, tunasikiliza. Joto likishapanda kichwani, tiba yetu ni kumtambua mtu haraka na kumkabidhi kwa wenye dripu na barafu. Hilo nalo ni kazi ya mlangoni, na silionei haya.

Nilipogeuka, yule bwana alikuwa bado amesimama pale pale. Akaniuliza sasa zamu yake ni ya ngapi.

Baada ya hapo saa zilichanganyikana. Upepo ulianza kwa mbali, ukuta mweupe ukameza barabara, na kwa dakika chache sikuweza kuuona hata mkono wangu ulionyooka. Tukawaingiza wote waliokuwa nje, pamoja na wapita njia waliokuwa wakiyumba na baiskeli. Miwani, barakoa, pazia chini. Waliokuwa mezani tukawafunika shuka hadi kichwani. Wengine wetu tukashika nguzo, kila mtu na yake, na upepo unavuta turubai kama unalidai. Nilishika mpaka mabega yakafa ganzi. Msichana mmoja akaanza kuhema kwa hofu. Msikilizaji akakaa karibu naye, akamwomba ruhusa kabla ya kumshika mkono, wakapumua pamoja. Hakumwambia neno lolote la busara. Msikilizaji mzuri huwa hivyo. Wengi hutujia wakitoka Hekaluni, jengo ambalo David Best na wenzake walilianzisha hapa mwaka 2000, na ambalo huchomwa Jumapili usiku pamoja na picha na barua za marehemu. Wanafika kwetu koo limejaa, wanasema wanataka kuchuliwa mabega. Tunaanzia hapo wanapotaka.

Dhoruba ilipotulia tulianza upya: kung'uta, kufuta, kutandika. Jina la yule bwana lilipofika nikaliita. Alipata nusu saa kamili, sawa na waliomtangulia, na mchuaji aliyempata alikuwa mmoja wa hodari wetu. Akaondoka bila kuaga.

Jioni tulifunga mapema kuliko kawaida. Jua lilikuwa linazama na Lamplighters wakipita na kanzu zao kutundika taa za barabarani, nasi tulikuwa tumepiga magoti na tochi za kichwani tukiokota ardhini nyuzi, vijiti vya pamba, unywele mmoja mmoja. Ardhi hii ni ya umma, na baada ya sherehe wakaguzi wa BLM, idara ya serikali ya shirikisho inayosimamia ardhi ya umma, huikagua kuona kama tumeacha taka. Mgongo ulikuwa unaniuma, na meza sita tupu zilikuwa hatua chache tu kutoka nilipo, lakini wachuaji nao walikuwa wamelala chini kwenye mazulia.

Habari za yule mama hatukuzipata, na hatukuzitarajia. Mgonjwa akishachukuliwa, taarifa zake ni zake.

Kwenye kikao cha usiku niliomba kitu kimoja: kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi na moja, mlangoni wakae wawili, mmoja wa daftari na mmoja wa kutembea kwenye mkeka akiangalia nyuso na chupa za maji. Mratibu akasema itabidi tupunguze meza moja ya kuchua. Wachuaji wakatazamana, kisha mmoja akafuta jina lake kwenye safu yake na kuliandika kwenye yangu.