"Kaka, mafaili yangu yote yamefutika!"

Ofisini kwetu Dar, watu wa uhasibu hawana kompyuta kamili mezani. Wana kioo, kibodi na kisanduku kidogo tu. Kompyuta zenyewe ni mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu, kwenye seva, na seva moja inabeba watu kadhaa kwa pamoja. Mimi ndiye ninayepigiwa simu zikigoma.

Simu inayorudi mara nyingi ni ya mafaili kupotea. Mtu ameingia, hakuna folda wala picha yake aliyoizoea. Jibu langu huwa lilelile: "Dada, usihifadhi kitu hapo. Toka kabisa kwanza." Windows imempa profaili ya muda, yaani eneokazi tupu lisilo na mafaili wala mipangilio yake, na atakachoandika humo kitaondoka naye akitoka.

Tunatumia FSLogix, programu ya Microsoft ya kutunza profaili za watumiaji. Profaili ya kila mtu ni faili moja la VHDX (diski pepe) lililo kwenye folda ya mtandao, na akiingia linaunganishwa na seva aliyopangiwa kama diski. Shida huanza na kile kialama cha X cha kufunga dirisha. Watu wengi hukibonyeza na kwenda zao, wakidhani wametoka, kumbe sesheni, yaani kikao chao cha kazi kwenye seva, bado inaishi. Seva hiyo ikiganda, wakirudi wanapelekwa nyingine, na ile diski ingali imeshikwa na seva ya kwanza. Faili halijaguswa, ila halifunguki.

Kwa hiyo sikimbilii kuwasha seva upya, maana nitawakata wote waliomo. Naandika amri ya quser, inayoorodhesha sesheni, pamoja na jina la seva, natafuta jina la mhusika lenye hali ya "Disc" (amekatika bila kutoka), kisha amri ya logoff na namba ya sesheni yake ili kumtoa. Ikigoma, naenda kwenye seva ya mafaili na amri ya Get-SmbOpenFile, nione nani ameshika ile VHDX. Kuifunga kwa nguvu kutoka hapo ni hatua ya mwisho kabisa. Seva ikiwa bado inaandika, profaili inaweza kuharibika kweli. Pia niliweka mpangilio wa FSLogix uitwao PreventLoginWithFailure kuwa 1: diski isipounganishwa, mtu anaoneshwa kosa na hapewi eneokazi tupu. Walilalamika, lakini afadhali kosa linaloonekana kuliko kazi ya asubuhi nzima kuyeyuka.

Kwenye ruhusa mambo ni mepesi. Ukimwongeza mtu kwenye kundi lenye ruhusa fulani leo, sesheni aliyonayo haijui, kwa sababu orodha ya makundi husomwa anapoingia. Kukata na kuunganisha tena hakusaidii; atoke, aingie upya, halafu amri ya whoami /groups ithibitishe. Na umeme ukikatika kisha wengi wakakataliwa kwa mkupuo, tazama saa ya seva kabla ya nenosiri: kwa kawaida Kerberos, mfumo unaothibitisha watumiaji wanapoingia, haivumilii tofauti ya zaidi ya dakika 5.

Mwishowe niliweka kikomo: sesheni iliyokatika ifungwe yenyewe baada ya saa 2. Mhasibu mkuu akaja juu. Ikikaribia tarehe 20, siku ya mwisho ya ritani za VAT, ripoti zake huachwa zikichakatwa usiku kucha. Alikuwa na haki. Kikomo nikakihamishia upande wa mtumiaji kwenye sera za Windows (Group Policy), badala ya upande wa mashine, na kundi lake likapewa saa 12. Wengine wamebaki na 2 zao, na bado wanabonyeza X.