Korongo Kavu Linatosha Kuwa Darasa

Nikiwaambia wazazi wenzangu wa hapa Dodoma kwamba watoto wajifunze mazingira nje, tena kwa kucheza, wengi hunijibu kwamba hayo ni mambo ya Lushoto kwenye misitu na vijito, si ya huku kwetu ambako mvua hunyesha msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili, na miezi iliyobaki ni ya vumbi na upepo. Mimi naona kinyume chake, kwa sababu nchi kavu haifichi mambo yake.

Korongo la mchanga wakati wa kiangazi ni mfano mzuri. Asubuhi, kabla upepo haujafuta alama, kundi moja la watoto hutangulia likitembea, likikimbia, likibebana mgongoni au kurudi kinyumenyume, kisha kundi la pili husoma nyayo na kueleza kilichotokea. Hubishana sana. Kazi yangu ni kunyamaza, jambo ambalo kwa mwalimu ni gumu kuliko kufundisha, mpaka mmoja wao aulize mwenyewe kwa nini nyayo za anayekimbia huzama zaidi upande wa vidole.

Baadaye huhamia kwenye kingo za korongo, ambako mizizi inaning'inia hewani na tabaka za udongo zinaonekana wazi. Hapo hujenga vilima viwili, kimoja kitupu na kingine kilichofunikwa kwa nyasi kavu, wakavimwagia maji ya dumu polepole. Kilima kitupu kikimomonyoka na maji yake yakatoka mekundu, ndipo ninapowasimulia habari za Kondoa, ambako mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973 na mifugo ikaondolewa mwaka 1979 katika maeneo yaliyoharibika zaidi ili ardhi ipumzike. Maneno "mmomonyoko wa udongo" walikuwa wameshayanakili ubaoni zamani. Maana yake wameipata kwenye tope.

Kikwazo kikubwa, kwa maoni yangu, si ukame bali mazoea. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikusudia shamba la shule liwe sehemu ya masomo, lakini wengi wetu tulipotolewa nje ya darasa tulikabidhiwa jembe au fyekeo kwa sababu ya kuchelewa. Mtu aliyelelewa hivyo hushangaa kuona mwalimu akiwatoa watoto nje bila wao kuwa na kosa.

Tahadhari zipo: viatu, maji ya kunywa, na kutoingiza mkono kwenye shimo lolote. Msimu wa mvua korongoni hatuendi kabisa, hata kama juu yetu hakuna wingu, kwa kuwa maji huweza kushuka ghafla kutokana na mvua iliyonyesha mbali.

Kwa shule inayotaka kujaribu, ningeshauri kuunganisha vipindi viwili vya asubuhi na kuyaacha madaftari darasani. Watoto wakirudi wachore kwanza walichokiona, kisha ndipo waandike.