Mkate wa kutokanda na mbabula ya Lubumbashi

Siku nzima nimeshika spana. Malori ya Dar yakishavuka mpaka wa Kasumbalesa, kati ya Zambia na Kongo, huwa yamechoka kuliko madereva wake, na kufungua springi na giaboksi kunakula mikono mpaka vidole havikunji. Sasa mtu wa namna hiyo arudi jioni chumbani kwake, peke yake, umwambie akande unga nusu saa! Miaka miwili ya kwanza hapa Lubumbashi sikukanda chochote. Asubuhi nilinunua mkate dukani, jioni nikala nilichokikuta njiani, na pesa ya kutuma nyumbani Ujiji ikawa inapungua kila mwezi.

Kisha dereva mmoja wa kwetu akanitumia kwenye simu maelezo ya mkate wa kutokanda. Ni njia iliyopata umaarufu mwaka 2006, gazeti la New York Times lilipoandika habari za mwokaji mmoja wa mjini humo, Jim Lahey. Vikombe 3 vya unga wa ngano, robo kijiko cha chai cha hamira, kijiko hicho hicho cha chai kimoja na robo cha chumvi, maji kikombe kimoja na nusu. Unakoroga kwa mwiko mpaka unga mkavu usionekane, unafunika bakuli, unaenda zako kazini. Mikono haigusi kitu.

Nilitaka kujua kwa nini inawezekana, maana mimi ni fundi na sipendi kitu kinachofanya kazi bila kueleweka. Ngano ina protini ambazo zikilowana hushikana na kuwa nyuzi za kubana hewa ya hamira. Kukanda kunaziharakisha tu. Ukizipa saa 12 mpaka 18, zinashikana zenyewe, na hamira ikiwa kidogo kiasi hicho unga hauchachi kabla ya wakati. Jioni nikifunua bakuli nakuta uso wote una mapovu, na nikiuvuta kwa kijiko unanyooka kama utando. Hapo naukunja mara mbili tatu kwa mikono yenye unga, naurudisha ukapumzike saa moja na kitu, nami naenda kuoga.

Oveni sina, na umeme wenyewe ni wa kubahatisha. Nina mbabula, jiko la makaa la hapa, na sufuria nzito ya alumini niliyonunua soko la Kenya (ndiyo, Lubumbashi ina mtaa unaoitwa Kenya). Mkate wangu wa kwanza uliungua chini ukabaki mbichi katikati. Ndipo nikamkumbuka bibi yangu na mkate wake wa kumimina: makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Moto wa juu ndio unaoivisha mkate. Sufuria ipate moto kwanza, unyunyize unga kidogo chini, utumbukize donge, ufunike. Mvuke ukibaki ndani, ganda linakaa laini na mkate unapanda. Dakika kama 40, kisha unaugonga kwa chini usikie mlio wa ngoma. Mbabula naiweka uani. Baridi ya Juni na Julai inashawishi kuiingiza chumbani, lakini moshi wa makaa usioonekana unaua watu usingizini. Tafadhali, ndugu zangu, msithubutu.

Baridi hiyo hiyo inachelewesha unga. Oktoba, joto likiwa kali, nachanganya alfajiri na jioni naoka. Julai nachanganya usiku, naoka jioni ya kesho yake.

Mkate ukiwa motoni, kwenye jiko la pili napika kitoweo. Lengalenga, ule mchicha wetu, dakika kumi: kitunguu, nyanya, majani, vijiko viwili vya karanga zilizotwangwa, basi. Au ndakala, yaani dagaa. Nikizinusa sokoni nakuwa Kigoma papo hapo, maana zile za Kalemie zinatoka ziwa lile lile Tanganyika, ng'ambo tu ya kwetu. Nazikaanga kavu kwanza, nyanya baadaye, limau mwisho. Kipande cha mkate wa moto kwenye mchuzi huo, nasahau giaboksi.

Mama jirani alifuata harufu. Alisimama mlangoni akitazama makaa juu ya kifuniko. "Baba, hii mukate unaipikaka namna gani?" Nikamwambia, "Mama, nimejifunza kwa bibi yangu." Akashangaa kwamba nina mke na hajawahi kumwona, kwa sababu hapa bibi ni mke, mama wa mama anaitwa nkambo. Tulipoelewana alikaa kwenye kigoda mpaka mkate ukatoka. Nilimkatia nusu, akawapelekea watoto, akarudi na bakuli la sombe, ambalo kwetu ni kisamvu, limejaa mawese.

Jumapili iliyopita aliniletea mkate wake mwenyewe. Kikombe kimoja cha ngano alikuwa amekibadilisha na unga wa mahindi, ule wa bukari, yaani ugali. Haukupanda sana kama wangu, lakini ganda lilikuwa na utamu wa mahindi ya kuchoma. "Batoto banapenda hivi," akasema. Leo alfajiri nimechanganya wangu kwa kipimo chake.