Golf GTI iliyotumika: mambo niliyoyaangalia kabla ya kulipa

Gari la kwanza nililokwenda kuliangalia nililikuta limeshapashwa moto. Tulikuwa tumekubaliana na muuzaji kwamba nifike saa moja asubuhi, nami nilimwomba waziwazi kwenye simu asiliwashe kabla sijafika. Nilipoingia uani kwake Nyali, hapa Mombasa, Golf nyeupe ilikuwa imeoshwa ikang'aa, naye akanipokea kwa bashasha. Lakini nilipoweka kiganja juu ya boneti, niliondoa mkono upesi. Nilimuuliza kwa adabu. "Nililisogeza kidogo tu, kaka, kupisha gari la mke wangu," akanijibu. Kulisogeza gari hatua tano hakupashi boneti moto kiasi kile. Nikanywa chai yake, nikamshukuru, nikaondoka bila hata kuomba bei ipunguzwe.

Ndugu yangu mmoja aliniona mwenye kiburi nilipomsimulia jambo hili, kwa hiyo inafaa nieleze kwa nini gari la aina hii halinunuliwi likiwa moto. Golf GTI ya Volkswagen ilioneshwa kwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1975 na ikaanza kuuzwa mwaka uliofuata, na tangu hapo wazo lake halijabadilika: gari dogo la familia, lenye mlango wa nyuma unaonyanyuka pamoja na kioo, likatiwa injini yenye nguvu kuliko umbo lake. Hapa Kenya nyingi huingia kupitia bandari ya Mombasa zikitoka Japani, na kwa kuwa sheria hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu liandikishwe mara ya kwanza, kizazi cha tano na cha sita sasa hupatikana kwa watu waliokwisha kuzitumia humu humu nchini tu. Maana yake ni kwamba gari unaloliona limepita kwa mwenye nalo Japani, kisha kwa mtu mmoja, wawili au watatu hapa kwetu, na aghalabu kila mmoja wao alilinunua kwa sababu linakwenda mbio.

Mimi nilikuwa natafuta ya kizazi cha sita, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2009 hadi mwishoni mwa 2012, yenye injini ya lita mbili yenye tabo, yaani kifaa kinachoisukumia injini hewa ya ziada, na nguvu ya farasi 210. Ni gari zuri sana, ila lina ugonjwa mmoja unaoweza kuimaliza injini nzima. Badala ya mkanda wa taimingi uliokuwamo katika kizazi cha tano, ule unaozifanya valvu na pistoni zitembee kwa mpango mmoja, injini hii ina cheni, na cheni hiyo hukazwa na kifaa kidogo kinachosukumwa kwa presha ya oili. Injini inapozimwa presha hushuka, na hapo meno madogo ya kile kikazio ndiyo yanayopaswa kukizuia kisirudi nyuma. Katika vikazio vya awali kizuizi hicho huweza kufeli. Cheni hulegea usiku kucha, na asubuhi injini inapowashwa, kabla oili haijapanda, cheni huweza kuruka meno na valvu zikagongana na pistoni. Ndiyo maana sekunde mbili tatu za mwanzo wa asubuhi zina habari nyingi kuliko saa nzima ya kuendesha. Ukisikia mkwaruzo mkavu wa chuma upande wa mkanda wa alteneta, unaotoweka mara tu injini ikitulia, umesikia cheni. Muuzaji aliyeliwasha gari nusu saa kabla hujafika amekunyima sekunde hizo, awe amekusudia au hakukusudia.

Sauti peke yake haitoshi, lakini. Kwenye kifuniko cha chini cha cheni kuna tundu dogo lililozibwa kwa kizibo cha mpira, na fundi anayezijua gari hizi huingiza kamera nyembamba akakiona kikazio: ni cha zamani au ni kile kilichoboreshwa, na kimetoka nje kiasi gani. Mashine ya diagnosi, ile inayochomekwa kusoma kompyuta ya gari, nayo huonesha kemshafti, mhimili unaofungua valvu, imepotoka nyuzi ngapi kutoka mahali pake, dalili ya cheni iliyorefuka. Kama muuzaji anasema kikazio kimebadilishwa, mwombe risiti. Kama hana risiti, tazama kwa kamera. Kama hataki kamera iingizwe, basi amekwisha kukujibu.

Jambo la pili ni oili. Injini za kizazi hiki zinajulikana kwa kula oili, kwa sababu ya ringi za pistoni, na mtengenezaji mwenyewe anahesabu kwamba nusu lita kwa kilomita 1,000 bado ni kiasi kinachovumilika, kipimo ambacho kwangu mimi ni cha ukarimu mno. Chomoa kijiti kabla injini haijawashwa. Kama oili iko chini ya alama ya mwisho, hujapata tu gari linalokula oili, bali umempata mwenye gari asiyechungulia, na huyo wa pili ndiye hatari zaidi. Angalia pia buti: mtu anayetembea na galani mbili za oili nyuma ya gari anajua jambo ambalo hajakwambia.

Halafu injini ikiwa inazunguka taratibu, jaribu kufungua kifuniko cha kujazia oili. Kikinyanyuka kwa urahisi na injini ikabadilika kidogo tu, hakuna neno. Kikiwa kimevutwa chini kana kwamba kimegandishwa, na pengine kuna mluzi unaotoka juu ya injini, basi kile kiwambo cha mpira katika valvu ya kupumulia kimechanika. Si kifaa cha bei kubwa, na mimi sikatai gari kwa ajili yake. Lakini ni hoja nzuri ya kushushia bei, hasa mbele ya muuzaji aliyekwisha kuapa kwamba gari halina hata tatizo moja.

Nikirudi kwenye mashine ya diagnosi: watu wengi huchomeka, wakaona hakuna hitilafu, wakafurahi. Gari la pili nililoliangalia lilikuwa hivyo, safi kabisa, hakuna taa, hakuna kosa lililohifadhiwa. Fundi wangu hakufurahi. Alifungua ukurasa mwingine, ule unaoonesha kama kompyuta ya gari imekwisha kujipima mifumo yake, akanigeuzia skrini: karibu yote ilikuwa bado. Gari linalotumika kila siku haliwi hivyo. Huwa hivyo pale makosa yanapofutwa au betri inapochomolewa muda mfupi uliopita. Tuliliendesha kama dakika arobaini, na tulipokuwa tunapanda mwinuko wa kuelekea Mazeras nyuma ya lori la kontena, injini ikaanza kumisi na taa ya njano ikawaka. Huenda zilikuwa koili za plagi tu, ambazo hufa mara kwa mara na hubadilishwa kwa dakika kumi. Huenda pia ilikuwa kaboni, kwa sababu katika injini hizi petroli hunyunyiziwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa ili kuziosha, hivyo masizi hujengeka juu yake mwaka baada ya mwaka. Sikukaa kutafuta jibu. Kilichonitoa pale ni ule ufutaji, si ule ugonjwa.

Giaboksi ya DSG, ile inayobadilisha gia yenyewe, inahitaji subira. Katika GTI hii ni ile ya gia sita, ambayo klachi zake mbili huzunguka ndani ya oili, na ni imara kuliko ile ya gia saba yenye klachi kavu iliyowekwa katika Golf za injini ndogo. Wauzaji huzichanganya hizi mbili, wengine kwa kutojua. Oili yake na filta yake vinapaswa kubadilishwa kila kilomita 60,000, na hapa ndipo kitabu cha servisi kinapotengana na maneno. Gari lenye kilomita 110,000 lisilo na ushahidi wa servisi hiyo hata mara moja, mimi huhesabu gharama yake kwenye bei papo hapo. Kulijaribu si kulikimbiza. Litambaze kwenye foleni, mguu ukiwa umeachia breki tu, uone kama linatetemeka; lisimamishe kwenye mlima uondoke; weka rivasi, kisha D, kisha rivasi tena, uhesabu kimoyomoyo kabla halijashika. Foleni ya Makupa jioni itakufundisha habari za giaboksi kuliko barabara tupu ya kwenda Kilifi.

Kuhusu nguvu zenyewe: wengi wa wenye magari haya hawaachi kompyuta ilivyotoka kiwandani. Huipeleka kuandikwa upya ili tabo isukume hewa zaidi, wakaweka na ekzosi inayopasuka kama fataki. Sisemi kila gari lililofanyiwa hivyo ni bovu, ila klachi, tabo na cheni vyote vimebeba mzigo ambao havikuagiziwa, tena pengine kwa petroli ya okteni pungufu ilhali ndani ya kifuniko cha tangi pameandikwa 95. Wakati wa kuuza, vitu vya kiwandani hurudishwa haraka. Tazama nati za ekzosi kama zina alama mpya za spana, kama vibano vya mipira ya hewa vimebadilishwa, kama boksi la filta ya hewa lina skrubu pungufu. Na umuulize mwenye gari moja kwa moja. Wapenzi wa magari hujisifu hata pale ambapo kunyamaza kungewafaa.

Bodi nililipima kwa kifaa cha kusoma unene wa rangi. Rangi ya kiwandani huwa kama maikroni 80 hadi 150, na paneli inayosoma 300 imepigwa rangi tena, jambo ambalo peke yake si kosa, kwani nani hajawahi kukwaruzwa na tuktuk. Lakini nguzo za milango na sehemu ya mbele ilipofungiwa radieta zikisoma hivyo, gari liligongwa sana. Kama karatasi ya mnada wa Japani ipo, isome: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa ikapakwa rangi, XX ni paneli iliyobadilishwa, na daraja la R ni la gari lililotengenezwa baada ya ajali. Chini ya gari tafuta kutu, maana ukiishi karibu na bahari chumvi haikuachi, na yapo magari yaliyokuja tayari na chumvi ya barabara za theluji za kaskazini mwa Japani.

Matairi nitayapitia upesi. Tarakimu nne ubavuni ni wiki na mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za mbele zikiwa zimelika upande wa ndani, alaimenti au bushi zina shida. Mtu aliyefunga matairi manne ya majina manne tofauti kwenye gari la farasi 210 alibana matumizi pengine pia.

Karatasi hazina mjadala. Tafuta kumbukumbu za gari NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla ya kutoa hata amana, uone jina la mwenye nalo na kama benki imo ndani ya umiliki. Linganisha namba ya chesi kwa macho yako, si kwa picha ya WhatsApp. Na malipo yaende sambamba na uhamisho, muuzaji na mnunuzi wakiwa wamekaa meza moja.

Nililolinunua mwishowe lilikuwa la tatu, la kijivu, mali ya daktari mmoja wa kike aliyelitumia miaka minne na ambaye, nilipofika saa moja kasoro robo, alikuwa bado amevaa kanga ya usiku na boneti ikiwa na umande. Liliwaka bila mkwaruzo. Kamera ilionesha kikazio kipya. Mpira wa stablaiza ulikuwa umekufa na viti vya nyuma vilinuka maziwa. Risiti za oili ya injini zilikuwamo zote ndani ya bahasha ya hospitali, lakini ya giaboksi haikuwepo, kwa hiyo alinipunguzia shilingi 30,000 bila mabishano marefu. Siku ya pili tuliifungua. Oili iliyotoka ilikuwa nyeusi, na fundi aliikusanya kidogo kwenye chupa ya maji, akaniwekea kando ya mpya ili nione. Ile chupa bado iko kwenye rafu ya gereji yake, na nasikia huwaonesha wateja wengine.