Tuliacha kuwafukuza ndege, wakaja wenyewe

Nilipoanza kutafuta ushauri wa kwenda kuangalia ndege ufukweni majira ya baridi, karibu kila mtu aliniambia nendeni maji yakipwa, tope likiwa wazi ndo ndege wanakula. Kula wanakula kweli, ila hakuna aliyeniambia kwamba wanakula kule mbali kabisa ambako maji yameishia, na wewe umesimama huku na darubini yako.

Mara ya kwanza tulienda wanne. Upepo unatupiga usoni, machozi yanatoka, mbele yetu tope tupu halafu nukta za kijivu zinatembeatembea. Tukaamua kuwasogelea. Hatua ishirini, wanaruka wanatua mbele zaidi, tunasogea tena wanaruka tena, mpaka buti la mwenzetu mmoja likanasa tukamvuta watatu, na hapo maji yalikuwa yameshaanza kurudi. Tafadhali msilifanye hilo, maji yakijaa kwenye tope yanakuja pia nyuma yako kupitia vijito. Darubini nayo nilikuwa nimeshawishiwa nichukue ya kukuza mara 12 eti ndo utaona mbali, kumbe kwenye upepo mkono ukitetemeka kidogo tu ndege wote wanacheza. Masaa matatu, vidole havina hisia, na rafiki yangu akasema harudi tena. Iliniuma, mimi ndo niliyewaita.

Mara ya pili nikafanya kinyume. Nikatafuta jedwali la maji nikachagua siku ya bamvua, zile siku baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu ambapo maji yanajaa mpaka juu kabisa, kwa sababu tope lote likifunikwa ndege hawana pa kukaa zaidi ya ukingoni. Angalia pia saa yenyewe, siku za baridi ni fupi, maji yakijaa gizani umepoteza safari. Tukafika masaa mawili kabla, tukakaa chini nyuma ya mawe, jua na upepo vyote mgongoni, tukanyamaza. Safari hii nilikuwa na darubini ya 8x42, yaani inakuza mara 8 na kioo cha mbele kina upana wa milimita 42, picha imetulia na mwanga unaingia vizuri hata mawingu yakitanda. Usiipumulie tu, inaingia ukungu.

Nusu saa ya kwanza shakwe tu, na mnandi mmoja amesimama kwenye nguzo ametandaza mabawa anayakausha. Halafu maji yakaanza kutufanyia kazi. Wakaja kwanza vitwitwi weupeweupe, wale wanaokimbia mbele ya wimbi kama wanaogopa kulowa, halafu wimbi likirudi nao wanarudi nalo wanadonoa. Wakafuata sululu na midomo yao iliyopinda chini, na kila maji yanapopanda wanasogea, mita mia, hamsini, thelathini, mpaka nikawa nasikia wanavyogombania nafasi! Rafiki yangu akataka kusimama apige picha nikamshika koti, "Kaa, kaa, wanakuja."

Kati yao walikuwepo wale wenye mdomo mrefu uliopinda juu kidogo, ndugu wa karibu wa yule ndege aliyefungwa kifaa cha kufuatilia safari yake akaruka kutoka Alaska mpaka Tasmania mwaka 2022, kilomita 13,560 kwa siku 11 bila kutua, na alikuwa kinda wa miezi kama mitano tu. Ndo maana naudhika nikiona mtu anawakimbilia ili waruke apate picha nzuri. Kwenye baridi kila wanaporushwa bure wanachoma mafuta waliyoyatafuta siku nzima.

Aliyewarusha siku ile ni kozi, yule ndege anayewinda ndege wenzake. Alitokea nyuma yetu chinichini, hatukumsikia, tukashtukia kundi zima liko hewani, linageuka kwa pamoja, jeupe, halafu jeusi, halafu jeupe, na mlio wa mabawa kama upepo umeingia kwenye majani makavu. Alipita katikati akatoka bila kitu. Hakuna aliyepiga picha, sote tulikuwa midomo wazi.

Walitua tena palepale mbele yetu, wakaficha midomo mgongoni wakalala kwa mguu mmoja, nasi tukabaki pale mpaka maji yalipoanza kupwa wakaondoka wachache wachache. Bamvua ijayo inaangukia siku ya kazi. Nishaomba ruhusa.